UNGEBONYEZA! Mkwe kakaa bandarini kwa kalenda ya huyu mtu

Wakuu, nina hasira hata chai imenishinda. Yule katibu wa kamati yetu ya harusi, mnamjua, jina sitaji, leo kaniambia: "Ilikuwemo kwenye kalenda. Ungebonyeza."

Mbele ya mkwe! Mzee kasafiri na meli usiku kucha kutoka Bukoba, kashuka na mkungu wa ndizi na kopo la senene, kakaa juu ya sanduku pale bandarini Mwanza mpaka makorongo wakamzoea, wakaanza kumdai matumbo ya samaki. Tunafika mbio kumwomba radhi, huyu mtu anatoa simu na kuniambia ungebonyeza.

Iangalieni hiyo kalenda ya simu ya kamati. Ukifungua mwonekano wa mwezi, kila siku ina kiboksi kama ukucha. Mistari mitatu ikijaa, mingine yote inafichwa nyuma ya "+5". Cha siku nzima kinakaa juu, chenye saa kinasukumwa chini. Sasa tarehe 8 Agosti juu kaweka utepe wa "WIKI YA MICHANGO" unaokatiza siku zote saba. Chini yake Nane Nane. Chini yake siku ya kuzaliwa ya fundi friji wa Igoma. Fundi friji, wakuu! Mkwe, saa 12 asubuhi, bandarini, kafukiwa kwenye "+5" pamoja na viti vya kukodi na kuonja keki.

Kengele hakuweka. Rangi ni moja: mkwe kijani, viti kijani, keki kijani. Keki ikiharibika tunakula mandazi. Mkwe akigeuza na meli ya jioni tunamwoa nani?

Halafu ungebonyeza!

Kijana_wa_Igoma: Honi ya meli inaamsha mji mzima, wewe unasubiri simu ikuambie mkwe kafika? Huyo fundi friji ni jirani yangu, mmempelekea zawadi?

Mleta mada: Mdau, hukuwepo. Katibu kalisema hilo neno mzee akiwa bado amekalia sanduku!

Mama_Nansio: Mwanangu, acha mwonekano wa mwezi, weka wa orodha. Yajayo yanashuka kwa tarehe na saa, hakuna kinachofichwa. Na siku za kuzaliwa zitolee tiki. Pole kwa mkwe.

Taa_za_Ziwani: Afadhali yenu. Sisi wa dagaa tunafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika, giza likirudi tunaingia na taa. Tajiri wetu naye kanunua simu mpya, kaweka kikao cha wavuvi usiku wa giza totoro. Kaja peke yake, halafu kakasirika kwamba tumemdharau!

Kijana_wa_Igoma: Hahaha, huyo na katibu ni ndugu.

Mleta mada: Jamani, mbele ya mkwe!!

Sato_wa_Busisi: Nyie mnalilia vikao, mimi nalilia wateja. Nilikuwa nakaanga sato kivukoni, watu wakisubiri pantoni wanakula mpaka sufuria inalia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache tu. Nani atashusha kioo anunue samaki?

Mama_Nansio: Shangazi, daraja usiliguse kabisa. Sisi tuliovusha wagonjwa kwenda hospitali ya Bugando tukakesha kwenye foleni ya pantoni tunajua lilichotuokoa.

Sato_wa_Busisi: Sijasema livunjwe, bibi wee. Nasema watuwekee kituo cha magari tuuze.

Taa_za_Ziwani: Hapo naunga mkono. Na sisi wa dagaa tupewe meza.

Kijana_wa_Igoma: Dagaa wakae mbali, wanaleta nzi. Shangazi, sato mkubwa wa kukaanga sasa hivi unauza shilingi ngapi?