Kuhamia toleo la tatu la AWS SDK ya JavaScript: tuanzie wapi?

Msanidi wa Ipagala

Habari za kazi, ndugu zangu. AWS SDK ni maktaba inayounganisha programu na huduma za wingu za Amazon, nami ninatunza mfumo ambao vyama vya msingi vya ushirika vya Dodoma na Singida vinautumia kupokea ufuta, dengu na alizeti ghalani. Karani anapima mzigo, anaingiza uzito, anapiga picha ya stakabadhi, kisha picha inakwenda kwenye baketi ya S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon) na kumbukumbu yenyewe inaandikwa kwenye jedwali la DynamoDB (hifadhidata ya Amazon). Usiku kuna kazi ya Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo bila wewe kutunza seva) inayojumlisha mapokezi ya siku na kuwatumia viongozi wa chama taarifa. Msimbo wote umeandikwa kwa toleo la pili la AWS SDK, yaani kile kifurushi kimoja, `aws-sdk`, kinachobeba huduma zote kwa pamoja.

Toleo hilo liliingia katika kipindi cha matengenezo pekee tarehe 8 Septemba 2024, na msaada wake ulikoma tarehe 8 Septemba 2025. Mfumo wetu bado unafanya kazi, lakini sioni haki ya kuweka kumbukumbu za mazao ya watu juu ya maktaba isiyopokea tena marekebisho. Naomba ushauri katika mambo mawili. Je, tuhamishe kila kitu kwa mkupuo au huduma moja baada ya nyingine? Na ni mabadiliko gani yanayoweza kupita bila programu kulalamika, halafu yakatuumiza msimu utakapofunguliwa na foleni ikawa ndefu mbele ya mizani?

Mhandisi wa Mtumba

Ndugu yangu, msihame kwa mkupuo, kwa sababu hakuna kinachowalazimisha. Toleo la pili linaitwa `aws-sdk` na vifurushi vya toleo la tatu vinaanza na `@aws-sdk/`, kwa hiyo matoleo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mradi mmoja bila kugombana. Mnaweza kuhamisha S3 wiki hii na kuiacha DynamoDB mahali ilipo mpaka mtakapokuwa tayari.

Ni vizuri kwanza kuelewa kilichobadilika katika ujenzi wake. Toleo la tatu, lililotangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya jumla Desemba 2020, limeandikwa upya kwa TypeScript (JavaScript yenye aina za data), na kila huduma ina kifurushi chake. Anayehitaji S3 anasakinisha `@aws-sdk/client-s3` pekee. Badala ya kuita `s3.getObject(params).promise()`, unaunda mteja (sehemu ya programu inayozungumza na huduma moja), kisha unamtumia amri: `await client.send(new GetObjectCommand(params))`. Mpangilio wa jumla wa `AWS.config.update` haupo tena. Kila mteja hupewa kanda (eneo la vituo vya data vya Amazon) na vitambulisho vyake anapoundwa. Kwa hiyo tafuteni kila faili lililokuwa likitegemea mpangilio uliowekwa mahali pengine, maana hilo halitarithi kitu.

Ningeanza na Lambda. Mazingira ya Node.js 16 (Node ndiyo inayoendesha JavaScript kwenye seva) yalikuja na toleo la pili ndani yake, lakini kuanzia Node.js 18 yanakuja na toleo la tatu tu. Kama kazi yenu ya usiku haikufungashwa pamoja na `aws-sdk` na ilitegemea ile iliyomo kwenye mazingira, siku mtakapopandisha Node itakufa kwenye mstari wa kwanza. Afadhali mlishughulikie hilo sasa.

Kijana wa Nkuhungu

Mimi natofautiana kidogo na kaka hapo juu. Kuna chombo kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hii, kinaitwa `aws-sdk-js-codemod`. Ukikiendesha kwa `npx aws-sdk-js-codemod -t v2-to-v3` na kukionyesha mafaili yako, kinabadilisha uagizaji wa vifurushi, kinaondoa `.promise()` na kupanga upya uundaji wa wateja. Kwa mradi wa ukubwa huo, sehemu kubwa ya uandishi itakuwa imekwisha siku hiyohiyo. Kukaa na matoleo mawili kwa muda mrefu kuna gharama yake: kila mtu mpya kwenye timu atalazimika kujua njia mbili za kufanya jambo lilelile.

Mwalimu wa Ng'ong'ona

Chombo hicho ni kizuri na ninawashauri mkitumie, ila mjue mipaka yake. Kinabadilisha umbo la msimbo. Hakiwezi kujua nia yenu. Tena, kwa kawaida kinawapa wateja wa mtindo wa jumla, kama `new S3()` wenye mbinu zote ndani yake, ambao wanafanya kazi vizuri lakini wanawanyima faida kubwa ya moduli, yaani kufungasha amri mnazozitumia tu. Kwenye seva hilo halina uzito. Kwenye ukurasa unaofunguliwa kwa simu ya karani kijijini lina uzito mkubwa.

Swali lako la pili ndilo lenye hatari, na ninaomba mlisome jibu lake polepole.

La kwanza ni makosa. Katika toleo la pili mlikuwa mkiangalia `err.code`, katika toleo la tatu jina la kosa liko kwenye `err.name`, na namba ya HTTP iko ndani ya `err.$metadata`. Nadhani mnazuia stakabadhi isiandikwe mara mbili kwa kuweka sharti kwenye DynamoDB, kisha mnapopata `ConditionalCheckFailedException` mnaiambia simu kwamba kumbukumbu imeshapokelewa. Msimbo ukiendelea kusoma `err.code`, utapata tupu. Hakuna kitakachoanguka, ulinganisho utakuwa si kweli, programu itaingia kwenye tawi la makosa ya jumla, na simu itaambiwa ijaribu tena. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, simu hurudia kutuma mara nyingi, kwa hiyo karani ataona mzigo uliokwisha kupokelewa ukiendelea kukataliwa, na mkulima amesimama mbele yake. Tafuteni neno `.code` katika mradi mzima na msome kila mahali kwa macho yenu.

La pili ni thamani tupu. `DocumentClient` ya zamani, yaani njia ya kuandika DynamoDB kwa data ya kawaida ya JavaScript, iliziacha sehemu zenye `undefined` bila kusema neno. Ile mpya, iliyo katika `@aws-sdk/lib-dynamodb`, inatoa kosa mpaka uipe `removeUndefinedValues: true` ndani ya `marshallOptions`. Karani asipojaza kiwango cha unyevu, kumbukumbu nzima inakataliwa.

La tatu ni mwili wa faili. `Body` ilikuwa bafa iliyo tayari, yaani data yote kwa pamoja. Sasa ni mkondo wa data unaosomwa kidogo kidogo. Mtaita `await res.Body.transformToByteArray()` au `transformToString()`. Na msiache mkondo bila kuusoma, hata kama mlitaka vichwa (maelezo ya faili kama ukubwa na aina) tu, kwa sababu muunganisho unabaki umeshikwa, na kwenye Node kikomo cha kawaida ni miunganisho 50. Kazi inayopitia picha nyingi inaweza kusimama kimya hapo. Mkitaka vichwa pekee, tumieni `HeadObjectCommand`.

La nne ni kurudia maombi. `maxRetries` imekuwa `maxAttempts`, na hesabu yake inajumlisha jaribio la kwanza. DynamoDB katika toleo la pili ilirudia hadi mara 10. Toleo la tatu kwa kawaida linajaribu mara 3 kwa jumla. Wakati wa msongamano tofauti hiyo itaonekana, kwa hiyo wekeni namba yenu wenyewe.

Mkazi wa Manyoni

Naongeza kuhusu picha, maana nami nina mfumo unaofanana na huo. `getSignedUrl`, inayotengeneza anwani ya muda iliyosainiwa ya kupakia au kusoma picha, imehamia kwenye kifurushi cha `@aws-sdk/s3-request-presigner`, na sasa inarudisha promisi (jibu litakalokuja baadaye). Ukisahau `await` na kuiweka moja kwa moja kwenye jibu la JSON, simu inapokea mabano matupu badala ya anwani, na seva haioni kosa lolote. `s3.upload` nayo haipo kwenye mteja. Tumieni `Upload` kutoka `@aws-sdk/lib-storage` kwa mikondo ambayo urefu wake haujulikani.

Kuanzia toleo 3.729.0 la Januari 2025, maktaba inaongeza yenyewe alama ya ukaguzi ya CRC32 (namba ya kuhakiki kwamba data haikuharibika) kwenye maombi ya kupakia. S3 yenyewe inaielewa. Hifadhi nyingine zinazoiga S3 ziliikataa, na anwani zilizosainiwa mapema zinaweza kubeba alama iliyokokotolewa kabla picha haijajulikana. Mpeni mteja `requestChecksumCalculation: "WHEN_REQUIRED"` kama hali hiyo inawahusu. Na kama baketi yenu iko kanda ya Cape Town huku jedwali likiwa Ireland, kila mteja atajwe kanda yake. Toleo la pili lilifuata lenyewe baketi iliyo kanda nyingine, lakini la tatu halifanyi hivyo bila `followRegionRedirects: true`.

Msanidi wa Ipagala

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Tumetafuta `.code` na kweli ipo, hasa pale pa stakabadhi zinazojirudia kama ulivyokisia. Baketi yetu nayo iko Cape Town na jedwali Ireland. Tumekubaliana kuanza na Lambda, kisha usomaji wa picha, na uandishi wa stakabadhi uwe wa mwisho, nje ya msimu wa ufuta. Ukurasa wa simu tutauondolea SDK kabisa, kwa kuwa karani anahitaji tu anwani iliyosainiwa na seva. Swali lililobaki ni la majaribio: yetu yote yanatumia `aws-sdk-mock`, inayoiga huduma za AWS. Yatafaa?

Mwalimu wa Ng'ong'ona

Marahaba. Hayatafaa. Hiyo iliandikwa kwa toleo la pili. Kwa la tatu kuna `aws-sdk-client-mock`, inayofuata mtindo wa amri. Lakini angalieni jambo moja zaidi mnapoyahamisha. Majaribio mengi ya zamani yanaunda kosa la bandia kwa mkono na kuliwekea `code`. Mkiliacha hivyo, msimbo wenye kasoro na jaribio lenye kasoro vitakubaliana, na kila kitu kitaonekana salama. Tengenezeni makosa ya bandia kutoka kwenye tabaka (class) halisi za vifurushi, mfano `ConditionalCheckFailedException` inayoagizwa kutoka `@aws-sdk/client-dynamodb`. Kwa njia ya stakabadhi pekee, ongezeni jaribio moja linaloandika kumbukumbu ileile mara mbili kwenye jedwali la kweli, katika akaunti ya majaribio, na msiruhusu uandishi kuhamia toleo jipya kabla ombi la pili halijajibiwa kwamba kumbukumbu imeshapokelewa.