Klabu ya usafi wa ufukwe: wanaojitolea wanapungua kila mwezi, tufanyeje?

Katibu_Mtaa:
Wakuu, habari za leo. Klabu yetu iko Dar, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ya kitaifa, tunasafisha ufukwe kuanzia saa 1 asubuhi. Kwenye kundi la WhatsApp tumejaa, ufukweni wanafika wachache, na kazi zote (magunia, glavu, maji ya kunywa, gari) zinawaangukia watu wanne walewale. Wapo wanaosema bila posho hawaji. Mwenyekiti ameanza kuwasema watu hadharani kwenye kundi, na tangu hapo wanazidi kutoka. Kazi tuigawe vipi? Posho je? Na mtu aliyekuja mara moja tumshike vipi ili arudi?

Bamvua:
Katibu, kabla ya watu angalia maji. Kwa pwani ya Dar, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Ukianza saa 1 unayafuata yakirudi nyuma, na ufukwe unazidi kupanuka mbele yako. Wiki moja baadaye, maji mafu, mambo yamegeuka: saa 4 maji yamepanda na watu wanabanana kwenye ukanda mwembamba wakiokota yaleyale. Jumamosi yenu haiufuati mwezi, kwa hiyo mnaweza kukuta maji ya aina yoyote. Mtu aliyeamka alfajiri akakosa la kufanya hamwoni tena, na humlaumu.

La pili ni gari. Gunia likilala ufukweni, maji ya usiku yanalichukua, na mtu akipita kesho yake akaona jasho lake linaelea, mmempoteza. Kirikuu ilipwe nusu tangu Ijumaa, na mtendaji wa mtaa awe ameshakubali taka zitakakomwagwa. Bila hayo mawili, ahirisheni.

Kazi yenyewe isizidi muda wa saa mbili. Gaweni makundi ya watu sita, kila kundi na kipande chake kilichopimwa kwa alama zinazoonekana: kutoka mnazi ule hadi mtumbwi ule. Mmoja ni kiongozi, wawili wanashika gunia, watatu wanaokota. Gunia la salfeti lijazwe nusu tu, kwa sababu taka za ufukweni zina mchanga na maji. Likijaa, watu wawili hawalibebi na linapasuka njiani. Kung'uteni mchanga kabla ya kutia. Sindano na vioo viende kwenye dumu gumu lenye kifuniko, na aviokote mtu mzima tu, mwenye glavu nene. Watoto wasiguse.

Mama_Mlezi:
Naongezea upande wa watu. Ukiuliza kwenye kundi "nani atakuja kesho?" umeuliza hewa. Kila mmoja anadhani mwenzake atajibu. Chukua orodha, wape viongozi wa makundi majina matano matano, na Jumatano jioni wapige simu. Simu, si ujumbe. Na mtu aombwe kitu chenye jina: "Njoo na reki mbili, utakuwa na kundi la pili." Mwenye reki anajua asipofika kuna pengo, kwa hiyo akikwama anakutaarifu.

Hao wanne wenu ndio tatizo kubwa kuliko wanavyojua. Wanafanya vizuri, ndiyo, lakini mgeni akifika anakuta kila kitu kimeshikwa, anasimama pembeni na simu yake. Kila mmoja wao awe na msaidizi, na kwenye usafi wa tatu msaidizi aongoze huku mwenyewe akiwa kwenye kundi kama waokotaji wengine. Mtaona makosa. Yaacheni yatokee, isipokuwa yanayoumiza mtu.

Mgeni apokelewe na mtu mmoja aliyeteuliwa, aulizwe jina, aonyeshwe glavu na maji vilipo, aungwe na mwenyeji. Jioni ileile wekeni kwenye kundi idadi ya magunia, shukrani kwa majina, na tarehe ijayo. Picha za watoto msizitume bila idhini ya wazazi.

Mwenyekiti asikilizwe kwanza, maana huenda amechoka. Lakini mwambieni wazi, tena faraghani: mtu wa kujitolea haonywi mbele ya watu. Aliyekosa mara mbili apigiwe simu ya kumjulia hali. Mara nyingi utakuta zamu za kazini au mgonjwa nyumbani.

Mweka_Hazina:
Posho msianze. Mkishampa mmoja elfu tano, aliyekuwa anakuja bure ataona amedharauliwa, na fedha zikiisha mnabaki bila wote. Nauli ni jambo jingine: aliyetoka mbali kwa ombi la klabu arudishiwe, kiwango kimoja kwa wote, kinatangazwa kabla na anasaini. Dereva wa kirikuu alipwe kama fundi yeyote, hiyo ni kazi ya kukodi.

Michango isiingie kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili au watatu, na mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi. Maji ya kunywa wekeni lita moja kwa kila mtu: madumu mawili ya lita 20 yanatosha watu 30, na kila mtu aje na chupa yake. Kugawa vichupa vya plastiki kwenye kazi ya kuokota plastiki hakufai.

Katibu_Mtaa:
Asanteni sana. Swali moja: Jumamosi yenyewe hatuwezi kuihamisha. Ikiangukia maji mafu?

Bamvua:
Siku hiyo msiende ufukweni, ingieni mitaroni. Taka nyingi zinateremka na mito kama Msimbazi na mitaro ya mitaani, kwa hiyo mnazikamata kabla hazijafika baharini. Badilisheni vifaa: koleo, reki za meno marefu, buti za mpira. Na tope msiliache ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha ndani. Mwulizeni mvuvi yeyote hapo mtaani, atawapangia maji ya miezi mitatu ijayo, na tarehe zote mzitangaze kwa pamoja.