Mwandishi aliyepitia shule za bweni za Kanada akisema alifurahia, tumnyamazishe?

Wadau naomba tujadili hili bila kutukanana. Tomson Highway, mwandishi wa Kanada wa kabila la Kree, mojawapo ya makabila ya wenyeji, alipelekwa utotoni shule ya bweni ya Guy Hill kule Manitoba, zile shule za serikali na makanisa zilizobeba watoto wa wenyeji kama 150,000 hivi ili wasahau lugha na mila za kwao, za mwisho zimefungwa juzi tu miaka ya tisini. Sasa 2015 mzee akasema kwenye mahojiano kwamba miaka tisa ya pale ilikuwa miongoni mwa miaka yake ya furaha kabisa. Watu wakamjia juu. Halafu 2017 seneta wa Kanada Lynn Beyak akasimama kuzitetea hizo shule akimtaja Highway, eti mazuri yake hayasemwi.

Mimi nasema mzee aachwe aseme. Kwetu Taita nikiwa darasa la nne ukiteleza ukaongea Kidawida unavalishwa monto, kipande cha mbao na kamba ya katani, kinanuka jasho la shingo za wenzako, unatembea nacho mpaka umsikie mwingine akiteleza umvishe, kengele ya jioni ikikukuta nacho fimbo ni zako. Siku moja nilimvizia binamu yangu kwa nyuma nikamshtua makusudi, akapiga kelele kwa Kidawida "mao!", nikamvisha. Alichapwa yeye. Na shule hiyohiyo kuna mwalimu alikuwa ananiachia funguo ya kabati la vitabu kila Ijumaa, kupenda kusoma nilianzia pale. Yote mawili ni yangu. Mtu akichukua ile funguo akaifanya ushahidi kwamba monto ilikuwa sawa, kosa ni lake huyo.

Tena mimi jioni nilirudi kwa mama nikaongea Kidawida mpaka usingizi, wale watoto walikaa miezi hawajaona kwao.

Na wanaomnukuu Highway kwenye yale mahojiano tu wasome riwaya yake ya 1998, Kiss of the Fur Queen, ndugu wawili wa Kikree wananajisiwa na padri shuleni. Kaandika huyuhuyu! Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo, 2015 ilitaja vifo vya watoto 3,200 na karibu theluthi yao hata jina halikuandikwa, yaani mtoto wa mtu anazikwa hana jina. Hao ndio seneta alitakiwa aanze nao, sio furaha ya mtu mmoja aliyetoka hai.

Mnaosema Highway anyamaze, mngetaka aandike nini kuhusu ile miaka tisa?