Mnaomwita Mandanda "kipa wa benchi", nimechoka nanyi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Tangu Steve Mandanda, kipa wa Marseille na Ufaransa, atangaze kustaafu Septemba 2025 akiwa na miaka 40, kila ninapopita nakutana na maneno yaleyale: "kipa wa benchi", "bingwa wa dunia wa kukaa", "alibebwa". Mtu amedaka miaka ishirini, ninyi mnamkumbuka kwa jaketi la akiba tu. Hii ni dhuluma, na kama mods wataufuta uzi huu nitauanzisha tena.

Mnachokijua ni kimoja: mechi 35 za timu ya taifa ya Ufaransa, 2008 mpaka 2022. Mnazichukua hizo 35, mnaziweka kando ya 145 za Hugo Lloris, kipa namba moja wa Ufaransa wakati huo, mnacheka. Sasa niambieni, golini wanasimama wangapi? Winga akikosa namba kushoto atahamishiwa kulia. Kiungo ataingizwa dakika ya 60 akatulize mchezo. Kipa hana bahati hiyo. Aliye mbele yako akiwa mzima na yuko kwenye kiwango, wewe utapasha misuli, utakaa, na mwezi ujao utaitwa tena upashe misuli ukae. Lloris alikuwa mzima na kwenye kiwango zaidi ya miaka kumi. Hilo nalo ni kosa la Mandanda?

Halafu wengi wenu hata hamjui kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Euro 2008 kocha wa Ufaransa Raymond Domenech alimchukua kijana huyu akamwacha kipa mwenzake Mickaël Landreau nyumbani. Safari ya kufuzu Kombe la Dunia 2010 ilipoanza, golini alikuwa Mandanda. Septemba 2008 pale Vienna, Austria wakashinda 3-1, bao moja la penati. Hakuwa na usiku mzuri, sibishi. Lakini alikuwa na miaka 23, na makipa wangapi wa umri huo mmewaona hawajapigwa tatu? Mwaka uliofuata Lloris akachukua nafasi na mlango ukafungwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyembeba mtu.

Sasa twende Marseille, maana huko ndiko mnakokukwepa.

Alifika 2007 kwa mkopo kutoka Le Havre, timu iliyokuwa daraja la pili. Kipa namba moja alikuwa Cédric Carrasso, akaumia, kijana akaingia, na msimu uliofuata Carrasso akaenda zake Toulouse. Msimu wake wa kwanza tu Mandanda akachaguliwa kipa bora wa Ligue 1, ligi kuu ya Ufaransa. Tuzo hiyo aliichukua mara tano: 2008, 2011, 2015, 2016 na 2018. Tano! Na anayepiga kura hapo si mwandishi wala shabiki, ni wachezaji wenzake wa ligi ileile, watu waliokuwa wakimpigia mashuti kila wikiendi.

Mwaka 2010 OM (Olympique de Marseille) walichukua ubingwa wa Ufaransa walioukosa kwa miaka 18. Kombe la Ligi wakalibeba mara tatu mfululizo, 2010, 2011, 2012, na lile la tatu waliwafunga Lyon, timu ya Lloris wakati huo. Mtu akikaa Vélodrome, uwanja wa OM, misimu hiyo yote, kwa mashabiki wale wasio na subira hata kidogo, akiwa na kitambaa cha unahodha mkononi, huyo si kipa wa kawaida. Mechi 613 ndani ya jezi ya OM. Hakuna mchezaji aliyewahi kufika hapo katika historia ya klabu ile, si nyota wa zamani Papin, si Waddle, hakuna.

Nataka mkumbuke na Machi 2012 pale San Siro, uwanja wa Inter. Dakika za nyongeza, OM wanawatoa Inter Ligi ya Mabingwa, Mandanda anapewa kadi nyekundu kwenye tukio la penati. Inter wanafunga, lakini OM wanapita kwa bao la ugenini. Mechi ya kwanza ya robo fainali dhidi ya Bayern yeye ametumikia adhabu, OM wamelala 2-0 nyumbani. Alipokosekana, pengo lilionekana.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko yote. Aliyekuwa kocha wa OM 2010 ni Didier Deschamps. Huyohuyo ndiye alishika Ufaransa 2012 na akaendelea kumwita miaka kumi. Alimwona mazoezini kila siku kwa misimu mitatu. Kocha yule hana huruma na mtu, amewaacha nyumbani wenye majina makubwa mara ngapi? Nyie mliomwona kwenye vipande vya video ndio mnajua zaidi?

Na mikosi ilimwandama. Mei 2014 akaumia shingo dhidi ya Guingamp, Kombe la Dunia la Brazil likampita, akaitwa Stéphane Ruffier. 2016 akaenda Crystal Palace, goti likamtibua. Akarudi Marseille 2017, na msimu huohuo wakafika fainali ya Europa League, naye akatwaa ile tuzo ya tano.

Urusi 2018, Kombe la Dunia ambalo Ufaransa walilibeba, alipewa mechi ya Denmark, uwanja wa Luzhniki, akiwa na miaka 33. Kombe la Dunia la kwanza kucheza maishani mwake. Ilikuwa 0-0, na watu waliisonya kwa sababu Ufaransa walishafuzu. Mimi nilimtazama yeye: namna alivyokuwa akitoka kwenye krosi, ngumi mbele, goti juu, akiwapigia kelele mabeki wa akiba kana kwamba ni fainali. Mtu aliyesubiri miaka kumi.

Kombe la Dunia 2022 nilikuwa kibanda umiza siku ya Ufaransa na Tunisia, Mandanda akiwa golini. Wahbi Khazri alipofunga, jamaa nyuma yangu akapiga kelele, "Ndiyo maana huwa hachezeshwi!" Kaangalieni tena lile bao. Khazri amekokota mpaka kati, mabeki wanarudi nyuma tu, kapiga chini pembeni. Kipa gani angelidaka? Lakini kibanda kizima kilicheka.

Wale mnaosema angechezea DR Congo angekuwa namba moja, hoja yenu naielewa. Amezaliwa Kinshasa, na mdogo wake Parfait aliidakia Congo. Ila yeye amekulia Évreux, mpira ameufundishwa huko, na kuchagua ilikuwa haki yake. Msilifanye hilo fimbo ya kumpigia.

Akiwa na miaka 39 bado alikuwa anaanza Rennes, ligi kuu, mpaka kipa Brice Samba aliponunuliwa Januari 2025. Thelathini na tisa.

Anayetaka kubisha aje na jina la kipa mmoja wa Ufaransa, ukimtoa Lloris, aliyemzidi huyu kati ya 2008 na 2018. Jina, klabu, misimu. Matusi msilete.