Wahindi na Waarabu wa Afrika Mashariki: nani yuko vizuri kiuchumi, na ilikuwaje?

Msumari wa Moto
Wakuu, kila orodha ya matajiri ikitoka watu wanaanza: Mo Dewji huyu hapa, Bakhresa huyu hapa, basi Wahindi na Waarabu ngoma droo. Mimi nasema si droo. Tuchukue jamii nzima, tuache watu wawili. Wote walisukumwa na kaskazi ileile. Mwarabu alikuja na dola, yaani utawala: Seyyid Said kahamishia makao Unguja, jamaa zake wakapata ardhi, mikarafuu na mamlaka. Mhindi wa kawaida alikuja na mzani. Leo tazama bima na benki: Jubilee ilianza Mombasa 1937, Diamond Trust miaka ya 1940, zote zimetoka kwa Waismailia, Wahindi Waislamu wafuasi wa Aga Khan. Nitajieni benki moja ya Waarabu wa huku ya wakati ule. Jibu langu ni fupi: Mwarabu alikaa barazani na kahawa, Mhindi akakaa dukani na daftari.

Bint Mvita
Ulianza vizuri, mwisho ukaharibu. Hiyo kahawa unayoicheka ilikuwa kazi ya Mshihiri, na Mshihiri hakuinywea barazani. Aliibeba kwenye dele na makaa chini, akagonga vikombe mitaa yote tangu alfajiri. Unachanganya Mmanga na Mshihiri. Mmanga wa Oman ndiye mwenye mashamba. Mshihiri katoka Hadhramaut akiwa hamali, mchukuzi wa maji, muuza kahawa. Akipata kiduka analala humohumo juu ya magunia, na akienda kwao kupumzika anamwachia ndugu yake funguo. Tofauti yake na dukawala wa Gujarat ni nini?

Kaskazi Kavu
Na wewe dada umechemka hapo kwa Mmanga. Unguja na Pemba, Mmanga ni Mwomani aliyekuja karibuni, mwenye kiduka kijijini au kibarua wa msimu wa karafuu. Wenye mashamba ya zamani walijitaja kwa koo zao na hawakupenda kuitwa Wamanga hata kidogo. Ghasia za Juni 1961 zilipoua watu 68, wengi wa waliokufa ni hao Wamanga wa vijijini, siyo mabwana wa mashamba makubwa. Kwa hiyo hata "Mwarabu" mwenyewe ni watu watatu tofauti kiuchumi.

Bint Mvita
Sawa kwa Unguja nimekubali. Mombasa tunasema tofauti. Lakini Msumari bado hajajibu la kahawa.

Msumari wa Moto
Kahawa ilikuwa mfano tu jamani. Mnatoa povu kwa kikombe kimoja.

Fundi wa Rahani
Tuache vikombe. Mleta mada anasema daftari lilishinda, lakini haelezi lilishindaje. Lilishinda kwa mkataba mmoja uitwao bei ya khiyari, na asiyeujua hawezi kueleza mashamba ya Unguja yalivyobadili mikono.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwenye shamba anataka rupia 600 kabla ya msimu: kupalilia, kununua majamvi ya kuanikia, kuwalipa wachumaji kwa pishi. Riba ni haramu, hivyo hakopi. Anamuuzia tajiri shamba kwa 600, na mkataba unasema akizirudisha ndani ya muda, tuseme miaka mitatu, shamba ni lake tena. Hiyo ndiyo khiyari. Siku ileile tajiri anampangisha shamba hilohilo kwa rupia 60 kwa mwaka. Hakuna aliyehama. 60 juu ya 600 ni asilimia 10, ila kwenye karatasi inasomeka kodi. Kadhi anaandika, mashahidi wanatia saini, kila mtu anakwenda kuswali.

Inapoharibika ni hapa. Kodi haibadiliki, mkarafuu unabadilika. Mche unachukua miaka sita hadi minane kuzaa, na ukishazaa sana mwaka mmoja, unaofuata unaweza kukupa mkono mtupu. Bei yenyewe mkulima haipangi. Akikosa kodi miaka miwili, ile 120 inaongezwa kwenye bei: mkataba mpya wa 720, kodi 72. Akikosa tena, hesabu inaanzia 720, si 600. Hakuna aliyekuja na panga. Shamba lilihama kwa kalamu.

Na kulikuwa na sababu ya pesa kukauka. Utumwa ulipofutwa Unguja 1897, kazi iliyokuwa bure ikawa ya kulipwa. Wenye mashamba walipewa fidia, ila ya mara moja. Ujira ni kila msimu.

Lulu ya Kale
Kwa hiyo unasema Wahindi waliwaibia Waarabu mashamba. Sema wazi, usijifiche nyuma ya "khiyari".

Fundi wa Rahani
Sijasema hivyo, soma tena. Tajiri naye alikuwa na deni Bombay. Alichotaka ni karafuu ziteremke forodhani, shamba lilikuwa mzigo kwake: nani atapalilia, nani atazuia wezi? Ndiyo maana wengi walipendelea kuongeza mkataba kuliko kulitwaa. Waingereza walipoona deni limefika shingoni wakatunga sheria mwaka 1934, ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu wa jamii nyingine bila idhini, na madai yakasimamishwa. Wakaibana na biashara ya karafuu yenyewe kupitia chama cha wakulima. Wahindi wakajibu kwa mgomo wa 1937 hadi 1938, Bombay ikaacha kununua karafuu za Unguja mpaka serikali ikakaa mezani. Mwizi hagomi hadharani, mkuu.

Lulu ya Kale
Mwizi mwenye nguvu anagoma vizuri tu.

Daftari Jeusi
Mnamwongelea tajiri wa mjini mkidhani kila Mhindi ndiye yeye. Dukawala wa bara hakuwa na 600 za kumkopesha mtu. Alianza hivi: anafika kwa mjomba, anakaa dukani miaka miwili au mitatu kwa chakula na malazi, hana mshahara. Akiaminika anapewa mali kauli, yaani marobota ya kaniki, chumvi, sukari, mafuta ya taa, anakwenda kufungua kituo kinachofuata na kulipa akishauza. Hakuna dhamana ila jina la ukoo. Akikimbia, anamchafua mjomba, na hapati mke wala mali tena pwani nzima. Hiyo ndiyo benki iliyotangulia Diamond Trust.

Na faida yake ilikuwa kwenye njia mbili: anauza nguo, ananunua mazao ya mkulima, ufuta, mahindi, ngozi. Mkokoteni haurudi mtupu. Hatari yake ni msimu kukauka: mali ya kauli imeshaliwa na wateja, tarehe ya kulipa imefika, na sheria za kikoloni zilimbana asiweze kumdai Mwafrika deni mahakamani. Wengi walifilisika kimyakimya wakarudi kuwa makarani wa wajomba.

Kaskazi Kavu
Hapo umenipa hoja. Wanaofilisika hatuwaoni. Reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, ilileta vibarua kama 32,000 kutoka India. Kama 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, waliobaki hawafiki 7,000. Sasa mnachukua wajukuu wa waliobaki na kusema "jamii ina akili ya biashara". Hilo ni chekeche. Kwa upande wa pili, Mshihiri maskini alioa Mdigo au Mbajuni, na wajukuu zake leo wanaandikwa Waswahili. Umaskini wake umehamia safu nyingine ya sensa. Mhindi alioa ndani, kwa hiyo jamii yake inahesabika. Huwezi kulinganisha gunia lililoshonwa na gunia lililo wazi.

Lulu ya Kale
Hapo nakuunga mkono. Sensa ya Kenya ya 2019 inatoa Waarabu Wakenya kama 59,000 na Wahindi Wakenya kama 47,000, na wasio raia wakiwa safu yao. Inahesabu vichwa, mifuko haigusi. Anayesema hapa "Wahindi wastani wao mkubwa" anasoma mabango ya maduka.

Singasinga wa Kisumu
Na tajiri Rostam Aziz mnamweka wapi? Mbaluchi ni Mhindi au Mwarabu? 😂

Bint Mvita
Mbaluchi ni Mbaluchi. Walikuja askari wa Sultani, wengine wafanyabiashara. Usituongezee safu.

Mzee wa Hisa
Mmeongea deni, mali kauli na chekeche. Kuna kisu kingine hamjakigusa: mirathi.

Mwarabu wa Unguja kafa kaacha nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, mke mmoja, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Gawa nyumba mafungu 24. Mke thumni (moja ya nane), yaani 3. Yanabaki 21: kila mwanamume 6, binti 3. Safi kwa sheria. Sasa kila mtoto naye afe na watoto wanne. Kizazi cha tatu una warithi kumi na sita, kodi ya vyumba vinne, na bati linavuja. Fundi anataka fedha, na mwenye kafungu kadogo anaulizwa achangie. Hachangii. Nyumba inaanguka huku kila mtu ana haki yake kamili.

Wengine walikwepa hilo kwa wakfu wa familia. Wakfu unazuia kugawanyika, lakini hauuzwi wala hauwekwi rehani. Kwa hiyo huwezi kukopa ili kuutengeneza. Ukuta ule unaolinda mali ndio unaoinyima mtaji.

Daftari Jeusi
Mzee, Wahindi wa Bohora na Ithnaasheri nao ni Waislamu, nao wana mirathi. Mbona wao hawakugawanyika?

Mzee wa Hisa
Swali zuri. Waligawa hisa, hawakugawa jengo. Wanaandikisha kampuni, nyumba na ghala vinakuwa mali ya kampuni, na akifa mzee warithi wanagawana hisa kwa mafungu yaleyale. Asiyetaka kubaki anauza hisa zake kwa kaka yake kwa bei iliyokubaliwa. Jengo halijui kuna msiba. Makhoja, yaani jamii ya Wahindi Waislamu walikotoka Waismailia wengi wa huku, wana jambo la zaidi: mahakama ya Bombay mwaka 1847 iliamua wafuate mila yao ya zamani ya Kihindu, binti asirithi. Ni dhuluma kwa binti, lakini mtaji ulibaki mahali pamoja. Na Waismailia walikuwa na mfuko wa pamoja: Aga Khan wa tatu alipopimwa kwa almasi Dar es Salaam 1946, fedha zile ziligeuzwa mikopo ya nyumba na biashara.

Bint Mvita
Kwa hiyo siri ya mafanikio ni kumnyima binti urithi? Ahsante sana mzee. Andikeni na hiyo kwenye orodha ya "akili ya biashara".

Mzee wa Hisa
Binti yangu, nimesema dhuluma kwa mdomo wangu. Usinilishe maneno.

Msumari wa Moto
Turudi kwenye mada. Mimi niliuliza kwa nini Waarabu wamepitwa. Yote mliyosema yanathibitisha: daftari, hisa, mali kauli.

Kaskazi Kavu
Yanathibitisha kwamba huangalii tarehe. Januari 1964 mapinduzi, Machi ardhi ikataifishwa. Mali ya Mwarabu wa Unguja ilikuwa ardhini, na ardhi haipandi ndege. Alikuwa raia wa Sultani, na Sultani alishapanda merikebu. Mhindi wa Dar alipigwa 1971: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikachukuliwa, na iliyozidi miaka kumi hata fidia haikupata. Mhindi wa Uganda akapewa siku 90 mwaka 1972. Walipoteza majengo, lakini aliyewapa mali kauli alikuwa bado Nairobi, London au Bombay, na alikuwa bado anawaamini. Uaminifu ulipita forodhani bila kupekuliwa.

Lulu ya Kale
Usiwapambe. Pasi za Uingereza zilibanwa 1968 Wahindi wenye pasi hizo walipoanza kutoka Kenya. Na baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda 1972 kuwaambia wasije. Walienda hivyohivyo.

Kaskazi Kavu
Ndiyo, wakaenda wakafungua maduka Leicester hiyohiyo. Na Waarabu waliotoka Unguja? Sultani Qaboos alipoingia madarakani 1970 Oman ilikuwa na shule tatu, Wazanzibari wakaitwa wakiwa na Kiingereza na vyeti, wakajaza ofisi na kampuni ya mafuta. Ukilinganisha jamii nzima, mhesabu na wa Muscat. Msumari anahesabu waliobaki upande mmoja na waliofanikiwa upande wa pili.

Eka Tatu
Nimesoma mpaka hapa. Mnagombania nani alimnyang'anya nani shamba, kwa khiyari au kwa mapinduzi. Fidia ya 1897 alipewa mwenye mtumwa, mtumwa hakupewa kitu. Mpalilizi na mchumaji hamjamweka kwenye hesabu hata safu moja.

Fundi wa Rahani
Baada ya 1964 alipewa eka tatu, ndugu. Jina lako lenyewe.

Eka Tatu
Alipewa kuzitumia, hakupewa hati ya kuuza wala kuweka rehani. Mzee wa Hisa kaeleza vizuri wakfu unavyonyima mtaji. Eka tatu ni wakfu bila kadhi. Karafuu zenyewe alilazimishwa kuuzia shirika moja la serikali kwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Sasa zigawe eka tatu kwa watoto sita, kwa mafungu yenu hayohayo.

Mzee wa Hisa
Nusu eka kila mmoja, wakiwa jinsia moja. Michache ya mikarafuu. Hapo hata ngazi ya kuchumia haijirudishi.

Msumari wa Moto
Haya, nimekubali kwamba tarehe zina uzito. Ila benki ya Waarabu ya miaka ya 1940 bado hamjanitajia.

Bint Mvita
Na wewe kahawa bado hujaijibu.