Kufungasha maktaba inayotegemea HDF5: tuibebe ndani au tuiache nje?

Swali

Habari za kazi, wanajukwaa. Nimeandika maktaba ndogo ya Python ya kusoma mafaili ya netCDF-4 yenye takwimu za mvua. Kwa kuwa netCDF-4 imejengwa juu ya HDF5 (muundo wa mafaili ya takwimu pamoja na maktaba yake ya C), sehemu niliyoiandika kwa C inaiita HDF5 moja kwa moja. Kwangu haina tatizo, lakini mwenzangu alipoisakinisha katika mazingira yake ya conda (kisimamizi cha vifurushi), programu ilizimika papo hapo ikilalamika kwamba vichwa (mafaili ya .h yanayotumika wakati wa kukompaili) ni vya HDF5 toleo 1.10.4 ilhali maktaba yenyewe ni ya 1.10.6. Nimeweka kigeu cha mazingira HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK=2, kinachozima ukaguzi huo wa toleo, na malalamiko yamekoma. Je, niishie hapo?

Jibu la 1

Ndugu, usiishie hapo, maana umeziba mdomo wa mlinzi na mlango bado uko wazi. Msimbo wako ulikompailiwa kwa vichwa vya 1.10.4, nao unapoamka hukutana na maktaba nyingine. Kinachoponza ni kwamba matoleo yote mawili hujitambulisha kwa jina lilelile, libhdf5.so.103, hivyo mfumo hauoni tofauti yoyote wakati wa kupakia. Ni HDF5 yenyewe inayokagua na kukataa. Tumia amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu hupakia, kwenye faili lako la .so (sehemu yako ya C iliyokompailiwa) uone libhdf5 inachukuliwa kutoka njia ipi. Ukitumia conda-forge, hazina ya vifurushi vya conda, iweke hdf5 katika sehemu ya host (mahitaji ya wakati wa kujenga) ya faili la maelekezo ya kujenga kifurushi chako, nayo sharti la toleo litaingia lenyewe katika mahitaji ya kuendeshea.

Jibu la 2

Nakubaliana na utambuzi huo, ila si watumiaji wote wana conda. Kwa wanaosakinisha kwa pip, kisakinishi cha kawaida cha Python, tengeneza faili la .whl (kifurushi kilichokwisha kujengwa) kisha ulipitishe kwenye zana ya auditwheel, ambayo huinakili libhdf5 ndani ya kifurushi na kuibadilisha jina isigongane na nyingine. Vifurushi vya h5py (maktaba ya Python ya kusoma HDF5) vilivyoko PyPI, hazina ya pip, hubeba HDF5 yao kwa namna hiyohiyo. Gharama yake ni kwamba kasoro ya usalama ikirekebishwa katika HDF5, ni wewe utakayelazimika kutoa kifurushi kipya.

Muulizaji

Nashukuru. ldd imeonyesha kweli kwamba kwa mwenzangu inachukuliwa ya conda yake. Je, nikibeba yangu, na mtumiaji akawa anatumia h5py pia?

Jibu la 1

Zitakuwa nakala mbili za HDF5 katika mchakato mmoja, na zitaishi pamoja mradi kila moja ifungue mafaili yake. Usithubutu kuchukua kitambulisho cha faili lililofunguliwa na h5py ukakipa msimbo wako wa C, kwani nakala yako haikijui kabisa. Pokea njia ya faili kama maandishi, ulifungue mwenyewe. Binafsi, kama sehemu ya C haiongezi kasi ya maana, ningeifuta yote na kusoma kupitia h5py.