Tupeane uzoefu: umewahi kuishi na mbwa anayepiga kazi kweli kweli?

Mzee wa Segerea (mleta mada)

Wakuu, salaam. Usiku wa kuamkia leo mbwa wa jirani kabweka mpaka adhana ya alfajiri, kisa mfuko wa rambo umenasa kwenye seng'enge (na rambo zenyewe zimepigwa marufuku tangu 2019, sijui huo umetoka wapi). Mama watoto akasema, "Na huyo naye ni mlinzi." Nikamkumbuka Meg.

Niliwahi kuishi Lincolnshire, Uingereza, nikifungasha karoti kiwandani. Mzee mmoja wa zamu yetu alikuwa anawinda sungura kwa fereti, mnyama mwembamba mrefu, jamii ya kicheche, wanayemfuga tangu enzi. Meg ndiye mbwa wake. Chotara wa greyhound, wale wa mashindano ya mbio. Chotara wa namna hiyo wenyewe wanawaita lurcher.

Kule sungura wanachimba chini, shimo moja lina matundu hata ishirini. Mnaenda wakati wa baridi, majani yamekufa, matundu yanaonekana. Hakuna kuongea, maana sungura akisikia watu juu hatoki. Meg anaachiwa mbele. Kundi la kwanza la matundu ananusa, anapita. La pili anapita. La tatu anaganda, mguu mmoja wa mbele hewani, mwili unatetemeka kama simu inayoita bila sauti. Basi. Mzee hachungulii wala habishani, anatandaza nyavu kila tundu, anaingiza fereti.

Kimya. Halafu unasikia "du!" chini ya miguu yako. Ni sungura anapiga guu ardhini kuwaonya wenzake. Mara wavu unaruka, sungura yumo ndani. Na Meg hamgusi! Macho yake yako kwingine, kwenye lile tundu la vichakani ambalo sisi hatukuliona. Anayechomokea huko ndiye wake. Anamfukuza, anamleta mkononi mwa mzee akiwa hai, hana hata alama ya jino.

Kutwa nzima hivyo. Jioni nyayo zimechanwa na miiba, anachechemea, na bado ukimwita garini anageuza shingo kuangalia mashimo.

Haya, nyie mmeona wapi mbwa wa hivyo? Wa kuwinda, kulinda, kuchunga, yeyote. Wale wa "mbwa wangu anakula wali nazi" kaeni pembeni kwanza.

Kijana wa Mbagala

Mkuu, hao fereti Kariakoo wanapatikana? Nina eneo Mkuranga, sungura kibao.

Mzee wa Segerea

Utamtesa bure. Sungura wa porini wa kwetu si yule. Wetu hachimbi, analala juu kwenye majani, unaweza kumkanyaga ndipo achomoke. Sasa fereti utamwingiza wapi? Halafu nenda kwanza kwa bwana nyama ukaulize habari ya kibali, usije ukatuletea uzi wa "nipo rumande".

Mluguru wa Gongo la Mboto

Kwetu Kilosa ni ndezi. Mjomba alikuwa na mbwa watatu wa kienyeji, wembamba, mbavu unazihesabu. Ukiwaona mjini utasema hawa wanasubiri kufa.

Ndezi anakaa kwenye matete na miwa, ana njia zake chini ya majani, kama uchochoro wa Manzese. Sisi watoto tunapiga kelele upande mmoja, mjomba na rungu yuko upande wa pili. Anayeingia mle ndani ni mbwa. Matete yanakata kama wembe. Unamfuatilia kwa kuangalia majani yanavyotikisika, humwoni mwenyewe.

Huyu mmoja aliitwa Simba. Siku moja ndezi mkubwa akageuka akamng'ata mdomo wa juu. Wanaomjua ndezi wanajua yale meno ya rangi ya chungwa yanavyokata muwa. Mdomo ukapasuka mpaka karibu na pua. Simba hakuachia. Katoka amemburuta, damu yake na ya ndezi huwezi kutenganisha. Mjomba akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka majivu, wiki iliyofuata yumo tena mateteni. Leo najua alitakiwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, ila wakati ule hata sisi watoto tulipakwa majivu hayohayo.

Ustadhi wa Temeke

Mleta mada, hapo kwa Meg umenigusa. Watu wanadhani sisi na mbwa ni paka na panya. Ndani sifugi, kweli, lakini mbwa wa kuwinda ana ruhusa yake, soma Suratul Maida aya ya 4. Ila awe amefundishwa. Unamwachia kwa bismillahi, na akamate kwa ajili yako. Akianza kula mwenyewe, hiyo nyama iache, kajiwindia nafsi yake. Babu yangu Rufiji alikuwa anamjaribu mbwa mchanga kwa hilo tu: anamwekea kipande cha nyama mbele, anaondoka. Wengi walifeli.

Mama Wawili Mbezi

Wa kwangu ni wa kulinda. Mchana analala kama maiti, wageni wanamruka. Saa sita usiku anaanza mzunguko: geti, tenki la maji, nyuma ya jiko, geti. Habweki ovyo. Akibweka mara mbili kwa sauti nzito, baba anaamka.

Mwaka jana akaanza kuzunguka huku anapumzika njiani. Nikasema uzee. Kumbe kupe. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, daktari akasema tungechelewa siku mbili tungemzika. Na usiku huohuo wa kuumwa alikuwa anajikokota mpaka getini! Nililia. Tafadhali waogesheni dawa ya kupe, na chanjo ya kichaa kila mwaka.

Wa Clearing

Mimi kazi zangu ni za mizigo. Nimewaona mbwa wa kunusa wakipita kwenye maboksi. Kilichonishangaza, wanafanya kwa muda mfupi tu halafu wanapumzishwa kivulini na maji, kwa sababu pua nayo inachoka. Akipata kitu anakaa chini, kimya. Malipo yake ni mpira. Anachezewa mpira kidogo, anafurahi kama kashinda bahati nasibu, kazi inaendelea. Mimi bosi wangu hata mpira hanipi.

Kijana wa Mbagala

😂😂 Wa Clearing umeniua. Mluguru, lakini Simba alikuwa anapata nini? Maana mpira Kilosa sidhani.

Mluguru wa Gongo la Mboto

Utumbo waligawana wote watatu. Kichwa alikuwa anapewa Simba peke yake. Na alikuwa hakigusi mpaka mjomba amalize kunawa mikono.